Kugawana mafaili mtandaoni: hasara ilimwangukia nani?

Kuna mchoro mmoja unaopendwa na pande zote mbili za ubishi huu. Ni mstari wa mapato ya muziki uliorekodiwa duniani kwa hesabu za IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi. Mwaka 1999 mstari uko juu, zaidi ya dola bilioni 22. Unashuka mwaka hadi mwaka, na kufikia 2014 uko chini kwenye takriban dola bilioni 13. Kisha unainuka, na mwaka 2023 unafika dola bilioni 28.6. Anayepinga uharamia hukuonyesha ule mteremko na kusema: tazama walivyotumaliza. Anayetetea kugawana mafaili hukuonyesha mwinuko na kusema: tazama, hakuna aliyekufa.

Wote wawili wameusoma vibaya. Kwanza, dola 22 za mwaka 1999 zilikuwa na nguvu ya takriban dola 40 za mwaka 2023, kwa hiyo huo "ufufuo" bado haujafika ulikotoka. Pili, na hili ndilo kubwa, mstari wa jumla hauonyeshi nani alikuwa akila katika ile bilioni 22 na nani anakula katika hii 28. Mtu anaweza kufilisika ndani ya mstari unaopanda, na mwingine akatajirika ndani ya mstari unaoshuka. Kwa hiyo swali ninalotaka kulifuata ni moja: watu walipoanza kupeana nyimbo, filamu na vitabu bila malipo kupitia intaneti, hasara ilimwangukia nani, na faida aliichukua nani?

Kwanza tukumbushane jambo lenyewe lilivyowezekana. Dakika moja ya muziki wa CD huchukua takriban megabaiti 10. Wimbo wa dakika nne ni megabaiti 40, na modemu ya simu ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ingehangaika nao zaidi ya saa moja na nusu. Watafiti wa Taasisi ya Fraunhofer nchini Ujerumani walishiriki kubuni njia ya kuondoa kwenye sauti yale ambayo sikio la binadamu haliyakosi yasipokuwepo. Matokeo yake, MP3, yaliushusha wimbo ule ule hadi megabaiti 4 hivi. Dakika kumi, wimbo umeingia. Juni 1999 kijana wa miaka 18, Shawn Fanning, akatoa Napster, programu iliyomwezesha mtu kuona nyimbo zilizo kwenye kompyuta za wenzake na kuzichukua moja kwa moja. Napster yenyewe haikuhifadhi nyimbo kwenye seva zake. Ilikuwa na orodha tu ya nani ana nini. Februari 2001 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema kuendesha huduma hiyo peke yake hakutoshi, bali kujua kwamba nyimbo fulani zinagawanywa kinyume cha sheria na kutozizuia ndiko kunakoifanya Napster kuwa mshirika katika kosa, na Julai mwaka huo ikazimwa.

Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi kuzima. Mwaka 2001 Bram Cohen alitoa BitTorrent, programu nyingine ya kugawana mafaili, na faili linalogawanywa kwa njia hiyo huitwa torenti. Ukifungua torenti na kuitazama ikifanya kazi, unaona faili limekatwa vipande mamia au maelfu, kila kimoja na alama yake ya utambulisho ili kisije kikaghushiwa njiani. Kipande cha kwanza kinatoka kwa mtu aliye bara moja, cha 212 kwa mtu wa bara jingine, na hawajuani. Ukishapokea kipande, papo hapo unaanza kuwapa wengine. Asiyetoa huchelewa kupewa. Na kuna kanuni moja ambayo imenivutia tangu siku nilipoielewa: programu huomba kwanza kile kipande ambacho wachache wanacho. Kipande adimu hunakiliwa mapema, ili mtu wa mwisho aliye nacho akizima kompyuta yake faili lisife. Nitairudia kanuni hii baadaye.

Sasa hasara. Hoja ya kampuni za rekodi ilikuwa nyepesi: nakala iliyopakuliwa ni nakala isiyouzwa. Yeyote aliyewahi kuwa mwanafunzi asiye na kitu mfukoni anajua hesabu hiyo haisimami. Nyimbo mia tano alizojaza kwenye diski yake hakuwa amepanga kuzinunua, pesa haikuwepo. Wachumi Rafael Rob na Joel Waldfogel waliwahoji wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, na katika makala yao ya mwaka 2006 walikadiria kwamba kila albamu iliyopakuliwa ilipunguza ununuzi kwa takriban moja ya tano ya albamu. Yaani katika tano zilizopakuliwa, moja ndiyo iliyopotea dukani. Mwaka uliofuata Felix Oberholzer-Gee na Koleman Strumpf walilinganisha upakuaji halisi na mauzo ya albamu, wakasema athari ni ndogo kiasi kwamba kitakwimu haitofautiki na sifuri. Mchumi mwenzao Stan Liebowitz aliwapinga vikali, akishikilia kwamba upakuaji ndio chanzo kikuu cha anguko la mauzo.

Tume ya Ulaya nayo ililipia utafiti wa yuro 360,000. Ulikamilika mwaka 2015, ukakaa kabatini hadi mwaka 2017, mbunge wa Bunge la Ulaya Julia Reda alipoudai. Kwa muziki, vitabu na michezo ya kompyuta, haukupata ushahidi thabiti wa kitakwimu kwamba upakuaji haramu hupunguza mauzo. Kwa filamu mpya zinazovuma, ulipata: katika kila kumi zilizotazamwa kwa njia haramu, nne zilipungua katika kutazamwa kihalali. Watafiti wenyewe walionya kwamba kukosa ushahidi si kuthibitisha kwamba athari haipo, na onyo hilo husahaulika sana na wanaoupenda utafiti huo.

Mimi naona tafiti hizi zinazogombana zinaonyesha jambo linaloeleweka. Wimbo husikilizwa mara mia. Ukiupata bure na ukaupenda, bado kuna mlango wa kukurudisha kwa msanii: tamasha, albamu inayofuata, fulana. Filamu hutazamwa mara moja na watu wengi, na ukishaijua mwisho wake hamu imekwisha. Kwa hiyo hasara hukaa pale ambapo kitu ni kipya, kinatakiwa na wengi, na hutumika mara moja. Ukitoka hapo, hasara hupungua haraka, na kwa kazi zilizokwisha kutoka sokoni inafika mahali pa kutoonekana kabisa.

Tena si kila shimo kwenye mstari ule lilichimbwa na mafaili. Katika miaka ya 1990 watu walikuwa wakinunua upya kwenye CD kile walichokwisha kuwa nacho kwenye santuri na kaseti. Wimbi hilo lingekwisha hata Napster isingezaliwa. Mnunuzi alikuwa akilazimika kununua CD nzima kwa ajili ya nyimbo mbili, na Apple ilipoanza kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 mnamo Aprili 2003, mpango huo ulivunjika kihalali kabisa. Na bei zenyewe hazikuwa safi. Mei 2000 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilizituhumu kampuni tano kubwa za muziki kwa mipango iliyowabana wenye maduka wasitangaze bei za chini, na ikakadiria wanunuzi walilipa ziada ya hadi dola milioni 480 katika muda wa miaka mitatu hivi. Kampuni zilimaliza shauri kwa makubaliano. Nalitaja kwa sababu kipindi kile ndicho kampuni hizo hizo zilichokuwa zikiwahubiria vijana juu ya wizi.

Kisha zikaanza kuwashtaki. Septemba 2003 RIAA, chama cha kampuni za rekodi nchini Marekani, kilifungua kesi 261 dhidi ya watu binafsi, na hadi kilipoachana na mkakati huo mwaka 2008 kilikuwa kimewafikia watu maelfu kwa maelfu. Wengi walilipa dola elfu chache nje ya mahakama ili yaishe. Mwanamke mmoja wa jimbo la Minnesota alikataa. Kesi yake ilihusu nyimbo 24. Mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama lilimtaka alipe dola milioni 1.92; baada ya rufaa, mwaka 2012 deni likawa dola 222,000, sawa na dola 9,250 kwa wimbo mmoja. Shika tarakimu hiyo, tutaihitaji.

Kilichoinua mstari kilikuwa huduma iliyo rahisi kuliko uharamia wenyewe. Gabe Newell wa kampuni ya michezo ya kompyuta Valve alisema mwaka 2011 kwamba uharamia karibu kila mara ni tatizo la huduma, wala si la bei, na historia imemuunga mkono kwa kiasi kikubwa. Spotify ilizinduliwa Oktoba 2008 nchini Sweden, nchi ile ile ya The Pirate Bay, mtandao wa kutafutia torenti, ambako watu wanne waliohusika na mtandao huo walihukumiwa Aprili 2009 kifungo cha mwaka mmoja kila mmoja na fidia ya krona milioni 30. Undugu wa mambo haya mawili ni wa karibu kuliko wengi wanavyofikiri. Ludvig Strigeus, aliyetengeneza programu ya torenti ya µTorrent, alikuwa miongoni mwa wahandisi wa mwanzo wa Spotify, na hadi mwaka 2014 programu ya Spotify ya kompyuta ilitumia mbinu ile ile ya wasikilizaji kupeana vipande vya nyimbo bila wao kujua. Umati wa wapakuaji ulikuwa umekwisha onyesha bure kile ambacho wenye kampuni walishindwa kukiona: mtu anataka kila wimbo, sasa hivi, mahali pamoja.

Lakini tazama nani anakula. Tangu mwaka 2024 Spotify haitoi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12. Kwa wimbo mmoja kiasi kinachozungumzwa ni kidogo sana, nakubali. Ila fikiria msanii mwenye nyimbo ishirini za namna hiyo. Msikilizaji wake yuko ndani ya sheria, analipia huduma kila mwezi, na msanii hapati kitu. Enzi za Napster naye hakupata kitu, lakini angalau hakukuwa na mtu katikati aliyelipwa kwa kazi yake.

David Bowie aliliambia gazeti la New York Times mwaka 2002 kwamba muziki utakuwa kama maji ya bomba au umeme, na kwamba wasanii wajiandae kuzunguka sana na matamasha kwa kuwa hicho ndicho pekee kitakachobaki cha kipekee. Aliona mbali. Ushauri wake ulishikwa na watetezi wote wa kugawana mafaili: rekodi iwe tangazo, jukwaa liwe duka. Nami niliwahi kuuamini. Niliacha kuuamini nilipoanza kuwahesabu watu wasio na jukwaa. Anayetunga maneno ya nyimbo na kuwapa wengine waimbe hana jukwaa. Mpiga besi aliyeitwa studio kwa siku moja hana jukwaa. Mwanamuziki aliyezeeka, mwenye mgonjwa wa kumuuguza nyumbani, mwenye woga wa umati, hawana jukwaa. Machi 2020, korona ilipofunga kumbi karibu dunia nzima, hata wenye jukwaa wakajikuta hawana, na wote wakageuka kutazama mrabaha wao, wakakuta mfereji umekauka.

Lipo jibu la upande wa pili, na ni zito. Waldfogel, yule yule aliyepima hasara, baadaye alipima kama muziki mpya umeharibika tangu Napster. Alikuta haujaharibika, ubora haukushuka, na kazi zinazotoka nje ya kampuni kubwa ziliongezeka. Kwa hiyo tishio kwamba sanaa itakoma halikutimia kwa muziki. Nadhani sababu yake ni kwamba gharama ya kurekodi na kusambaza iliporomoka pamoja na mapato. Kompyuta iliyokunyang'anya mnunuzi ndiyo hiyo hiyo iliyokupa studio. Mizani hiyo haipo kwa kila sanaa. Hakuna programu iliyopunguza miaka mitatu ya kuandika riwaya ikawa mwaka mmoja.

Na hapo kwenye vitabu ndipo ninapokuwa mkali. Niliwahi kutumiwa kwenye kundi la WhatsApp PDF ya kitabu cha mwandishi aliye hai na anayeendelea kuandika. Kurasa zilikuwa zimepigwa picha kwa simu, moja baada ya nyingine, nyingine zimeinama kushoto, nyingine kulia. Kwenye ukurasa mmoja kidole gumba cha mpiga picha kiliziba maneno mawili ya mstari wa mwisho. Mtu alikaa akafunua zaidi ya kurasa mia mbili, akazipiga picha, akazipanga. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo, sina shaka. Chini yake zikamiminika shukrani: ubarikiwe, Mungu akuzidishie. Sikuona hata mmoja aliyemtaja mwandishi, isipokuwa aliyeuliza kama kuna aliye na kitabu chake kingine.

Kitabu cha namna hiyo huchapwa nakala chache. Soko lake ni dogo, na lile kundi la WhatsApp ndilo soko lenyewe, sehemu nzuri ya watu wote duniani ambao wangeweza kukinunua. Paulo Coelho amesimulia mara nyingi jinsi nakala haramu ya kitabu chake kwa Kirusi ilivyochochea mauzo halali nchini Urusi, hata akawa anawaelekeza wasomaji kwenye nakala za bure yeye mwenyewe. Namwamini. Lakini kwake nakala ya bure ilifungua nchi mpya yenye mamilioni ya wasomaji. Kwa mwandishi wa lugha yenye wanunuzi wachache wa vitabu, nakala ya bure haifungui nchi yoyote. Inawapata wale wale aliokuwa akiwategemea. Mauzo mia tatu yaliyopotea yanatosha kumfanya mchapishaji aurudishe mswada wa pili. Kitabu hicho cha pili kisichotoka hakionekani kwenye takwimu yoyote.

Hata hivyo siwezi kuwahukumu wasomaji wa kundi lile kana kwamba walikuwa mbele ya duka lililo wazi wakachagua kuvunja dirisha. Mwaka 2011 Joe Karaganis na wenzake walitoa ripoti kubwa juu ya uharamia katika nchi zinazoinukia kiuchumi. Walionyesha kwamba ukilinganisha na kipato, CD, DVD au programu ya ofisi nchini Brazili, Urusi au Afrika Kusini ilimgharimu mnunuzi mara tano hadi kumi zaidi ya inavyomgharimu mtu wa Marekani au Ulaya. Bei iliyopangwa kwa mfuko wa mtu mwingine ni mlango uliofungwa, hata kama bidhaa iko rafuni. Na kwa makala za kisayansi hoja ya kumwibia mwandishi haina pa kusimama: mtafiti halipwi na jarida kwa makala yake, mara nyingi utafiti umelipiwa na kodi ya umma, na chuo chake kinalazimika kulipa tena ili aisome. Alexandra Elbakyan wa Kazakhstan alianzisha Sci-Hub, mtandao wa kusoma makala hizo bure, mwaka 2011 kwa sababu hiyo. Mwaka 2017 mahakama ya New York iliamuru yeye na washtakiwa wenzake wailipe kampuni ya Elsevier, mchapishaji wa majarida ya kisayansi, dola milioni 15. Mwanafunzi wa udaktari wa tiba asiye na njia nyingine ya kuisoma makala ya ugonjwa anaoutibu, mimi sitamwita mwizi.

Katika utamaduni, upatikanaji huu wa bure umefanya mema ambayo hakuna sera ya serikali ingeyafanya kwa kasi hiyo. Watu walikutana na sinema za nchi ambazo hazikuwahi kufika kwenye kumbi zao, na wapenzi wa filamu wakakaa usiku kuziandikia tafsiri chini ya picha bila kulipwa. Ila bure haiwatendei wote sawa. Mwaka 1998 Bill Gates alizungumza juu ya programu zilizonakiliwa China, akasema kwamba maadamu wataiba, ni heri waibe za Microsoft. Watazizoea, na baadaye kampuni itapata namna ya kukusanya pesa yake. Yalikuwa maneno ya mfanyabiashara anayejua hesabu. Bidhaa kubwa ikigawanywa bure huua mshindani mdogo kwanza. Filamu ya mamilioni ya dola, ikiwa bei yake ni sifuri, inashindana na filamu ndogo ya lugha ndogo ambayo bei yake haiwezi kuwa sifuri, kwa sababu mtengenezaji wake hana soko jingine la kufidia. Studio kubwa inapoteza mauzo ambayo isingeyapata. Mtengenezaji mdogo anapoteza mtazamaji. Katika mijadala yote niliyoisoma juu ya uharamia, jambo hili halipewi uzito wake.

Halafu akaja mpakuaji mpya. Kampuni za akili unde zilihitaji vitabu vingi vya kufundishia mifumo yao, na zikaenda kuvichukua kwenye maktaba haramu za mtandaoni, zinazogawa vitabu bila ruhusa ya wenyewe. Nyaraka za kesi dhidi ya Meta zilionyesha makumi ya terabaiti yakipakuliwa kwa torenti. Katika kesi nyingine, dhidi ya kampuni ya akili unde ya Anthropic, Juni 2025, jaji William Alsup wa California aliamua kwamba kutumia vitabu kufundishia mfumo kulikuwa matumizi ya haki, yaani yanayoruhusiwa bila idhini ya mwandishi, lakini kujijengea maktaba ya nakala za wizi hakukuwa; Septemba mwaka huo kampuni hiyo ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, takriban dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu karibu laki tano. Sasa irudie ile tarakimu ya Minnesota. Mtu mmoja, nyimbo 24, dola 9,250 kwa wimbo. Kampuni yenye thamani ya mabilioni, vitabu karibu laki tano, dola 3,000 kwa kitabu. Najua moja ni hukumu na nyingine ni makubaliano, na wanasheria watasema havilinganishwi. Kwa mwandishi ambaye kitabu chake kiliandikwa kwa miaka mitatu, vinalinganishwa. Na yule aliyekaa usiku akipiga picha kurasa mia mbili kwa ajili ya wenzake hakuwa na habari kwamba huenda anawajazia ghala.

Nimebakiza uhifadhi, na hapa naegemea waziwazi upande wa wanaogawana. Machi 2019 MySpace, mtandao wa kijamii ambako wasanii walipakia nyimbo zao, ilikiri kwamba katika kuhamisha seva zake ilipoteza mafaili yaliyopakiwa kabla ya mwaka 2016; ilikadiriwa kuwa nyimbo zaidi ya milioni 50 za wasanii milioni 14 zilipotea. Miaka 12 ya muziki wa watu ambao wengi wao hawakuwa na nakala nyingine. Kilichookolewa ni nyimbo 490,000 hivi, kwa sababu kundi la watafiti lilikuwa limezinakili kati ya 2008 na 2010 kwa kazi zao wenyewe. Jukwaa halali lilipoteza. Nakala ya pembeni iliokoa. Mwaka 2023 shirika la kuhifadhi historia ya michezo ya kompyuta, Video Game History Foundation, lilikuta asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haitolewi tena sokoni na wenye haki. Mwanasheria Paul Heald alichunguza vitabu vipya kwenye rafu za Amazon, akakuta vya miaka ya 1850 vingi kuliko vya miaka ya 1950. Vya kwanza vimetoka kwenye hakimiliki, kila mtu anaweza kuvichapa. Vya pili vimefungiwa na wenye haki ambao hawavichapi wala hawaruhusu vichapwe.

Na sasa ile kanuni ya kipande adimu. Ndani ya faili moja, programu hutafuta kilicho adimu na kukiokoa kwanza. Kati ya faili na faili, binadamu hufanya kinyume. Umati hukimbilia kilichotoka jana: filamu iliyo bado ukumbini, albamu iliyovuja, kitabu kilichozinduliwa wiki hii. Hapo nakala ni maelfu, uhifadhi hauhitajiki, na madhara kwa mtengenezaji yako kwenye kilele. Kile ambacho kingehitaji kweli kuokolewa, rekodi ya miaka arobaini isiyouzwa popote, kina mtu mmoja au hakina hata mmoja. Kwa hiyo sifa za uhifadhi anazojivika mtu aliyepakua filamu ya juzi si zake. Na sheria nayo imekosea kwa upande wake: chini ya hakimiliki ya Marekani na Ulaya, inayodumu kwa miongo mingi, filamu ya juzi na rekodi iliyosahaulika zinalindwa kwa ukali mmoja. Ningependa kuona ulinzi mkali kwa miaka ya mwanzo, na baada ya hapo mwenye haki ambaye hauzi wala haruhusu apoteze nguvu ya kuwazuia wengine. Mwandishi wa kile kitabu cha WhatsApp angelindwa. Wahifadhi wasingeitwa maharamia.

Niliwahi kutafuta rekodi ya zamani ya tamthilia ya redio. Niliipata kwenye torenti, ikapakuka hadi asilimia 94.3, ikagota. Sehemu iliyobaki haikuwa na mtu. Niliacha kompyuta ikiwaka usiku na mchana. Siku ya tisa, saa nane za usiku, mtu mmoja akajitokeza, mstari ukasogea polepole hadi mwisho, naye akaondoka. Sijui ni nani wala yuko wapi. Mimi sikuifunga; niliiacha wazi kwa miezi, na watu wanne wakaichukua. Rekodi hiyo haiuzwi, na kampuni iliyoitoa haipo tena. Kisheria, sisi sote sita tuna kosa moja na yule aliyevujisha filamu kabla haijafika ukumbini.